Impala ya 1965: Kwa Nini Vipimo Havitoshi Kueleza Bei

Mtu anayetafuta kwenye intaneti bei ya Chevrolet Impala ya mwaka 1965 hukutana na majibu yanayokataana. Tangazo moja linaweza kuomba dola 15,000 za Marekani, jingine dola 70,000, na taarifa ya mnada ikataja kiasi kisichofanana na chochote kati ya hivyo viwili, ilhali magari yote matatu yana jina moja, mwaka mmoja na zilezile taa sita za duara nyuma. Chini ya picha za namna hiyo wachangiaji hugawanyika upesi: wapo wanaodhani kwamba mmoja wa wauzaji ni tapeli, wapo wanaodai kwamba gari ghali ni lazima liwe na injini kubwa zaidi, na wapo wanaohitimisha kwamba Wamarekani wamekosa kazi ya kufanyia fedha zao. Dai la kwanza huwa kweli mara chache, la pili huwa na ukweli nusu, na la tatu nawaachia wenyewe.

Mkanganyiko huo unatokana na kuchanganya vitu viwili. Vipimo, yaani urefu, uzito, ujazo wa injini na nguvu zake, hueleza gari lilivyotoka kiwandani. Bei hulipwa kwa kile ambacho mwuzaji anaweza kukithibitisha leo kuhusu gari moja mahususi lililosimama mbele ya mnunuzi. Kati ya siku lilipotoka kiwandani na siku linapouzwa imepita miaka sitini ya kutu, ajali, mafundi, injini zilizobadilishwa na karatasi zilizopotea, na ni humo ndani ya hiyo miaka sitini ambamo tofauti ya bei hupatikana.

Tuanze na kundi lenyewe. Wamarekani huliita gari hili gari la ukubwa kamili. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 jina hilo halikuhitajika, kwa kuwa Chevrolet ya familia ilikuwa ya ukubwa mmoja tu, na wateja walichagua kiwango cha mapambo na aina ya bodi. Yalipoingia sokoni magari madogo ya modeli ya 1960 kama Chevrolet Corvair, Ford Falcon na Valiant ya kampuni ya Chrysler, kisha yakafuata ya kati kama Ford Fairlane ya 1962 na Chevrolet Chevelle ya 1964, lile gari la awali likahitaji jina la kulitenga na wadogo zake. Siku hizi Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, huliweka kwenye daraja la magari makubwa gari ambalo nafasi ya abiria na ya buti zikijumlishwa hufikia futi za ujazo 120, takribani lita 3,400. Daraja hilo lilibuniwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo tunaposema Impala ya 1965 ni ya ukubwa kamili tunafuata desturi ya soko, wala si kanuni ya serikali.

Impala yenyewe ilianza mwaka 1958 ikiwa toleo la juu kabisa la Chevrolet Bel Air, ikapatikana kwa bodi mbili tu, ya milango miwili yenye paa la chuma na ya paa la kukunja. Mwaka 1959 ikawa safu inayojitegemea, ikaongezewa bodi za milango minne. Mwaka 1965 ilipewa bodi mpya na chesisi mpya, na katika mwaka huo mmoja zikauzwa Impala zaidi ya milioni 1. Msomaji aiweke kichwani idadi hiyo, kwa sababu ndiyo inayovunja dhana ya kwanza iliyoenea, kwamba gari la zamani huwa ghali kwa sababu ni adimu. Impala ya 1965 si adimu hata kidogo. Kilicho adimu ni Impala ya 1965 ya aina fulani, yenye injini fulani, ambayo haijaharibiwa na ambayo historia yake inafahamika.

Sasa vipimo. Impala ya 1965 ina urefu wa inchi 213.1, sawa na mita 5.41, yaani inaizidi kidogo hata Hiace ya bodi ndefu tunayopanda kila siku. Upana wake ni mita 2.02, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 119, ambazo ni mita 3.02. Uzito huwa kati ya tani 1.6 na 1.8 kutegemea bodi na injini, jambo linalowashangaza wengi waliodhani kwamba chuma chote kile ni lazima kizidi tani mbili. Magari mengi ya kisasa yaliyo mafupi kuliko hilo huwa mazito zaidi, kwa kuwa yamebeba mifumo ya usalama na vifaa vya starehe ambavyo mwaka 1965 havikuwapo.

Ujazo wa injini ndio unaochanganya zaidi wasomaji wa kwetu, kwa sababu Wamarekani wa wakati huo waliupima kwa inchi za ujazo, nasi tumezoea CC. Inchi moja ya ujazo ni CC 16.4. Kwa hesabu hiyo, injini ndogo ya silinda sita ya Impala ya 1965, inayotajwa kuwa ni ya 230, ina takribani CC 3,800. Injini za silinda nane zilianzia 283, ambayo ni kama CC 4,600, zikapanda hadi 327, ambayo ni CC 5,400, na juu kabisa mwanzoni mwa msimu ilikuwapo 409 yenye CC 6,700. Kabla msimu haujaisha, 409 iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na injini mpya ya 396, yenye CC 6,500. Giaboksi ya kawaida ilikuwa ya mkono yenye gia tatu na fimbo yake ikiwa kwenye usukani; waliotaka otomatiki walipewa Powerglide ya gia mbili, na walioagiza injini ya 396 waliweza kupata otomatiki mpya ya gia tatu, Turbo Hydra-Matic. Breki zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Breki za diski za mbele zilianza kutolewa kwa kuagizwa mwaka 1967, na ni vyema mtu anayetamani 396 alikumbuke jambo hilo kabla ya kuikumbuka kasi.

Nguvu farasi zinahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapa namba yenyewe ni sahihi lakini hulinganishwa vibaya. Orodha za kiwanda za 1965 zinasema kwamba 283 ya kabureta ya kawaida ilikuwa na nguvu farasi 195, na 396 kali kuliko zote ilikuwa na 425. Mtu anayeendesha gari la kisasa lenye nguvu farasi 195 atadhani kwamba magari hayo mawili yako sawa. Hayako sawa, kwa sababu hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi. Injini ilipimwa ikiwa nje ya gari, juu ya kizimba cha majaribio, bila chujio la hewa, bila ekzosi kamili ya gari na bila vifaa vinavyokula nguvu yake inapofanya kazi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 ilitangazwa nguvu halisi, inayopimwa injini ikiwa imefungwa vifaa vyote inavyovibeba barabarani. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya mshahara ulioandikwa kwenye mkataba na ule unaomfikia mfanyakazi baada ya makato: hakuna aliyedanganya, lakini ole wake anayepanga bajeti kwa kutumia ule wa kwanza.

Ukubwa wa makato hayo tunaujua, kwa kuwa mwaka 1971 kampuni ya General Motors, mmiliki wa Chevrolet, ilichapisha namba zote mbili. Injini ya Chevrolet ya 350 yenye kabureta ya midomo miwili ilitajwa kuwa na nguvu ghafi za farasi 245 na nguvu halisi za farasi 165. Ni injini ileile, siku ileile, na pengo lake ni farasi 80. Kwa sababu hiyo dhana kwamba magari ya Marekani yalidhoofika ghafla mwaka 1972 ina ukweli wa kiasi tu. Injini zilikuwa zimepunguzwa mbano wa hewa na petroli ndani ya silinda mwaka 1971 ili ziweze kutumia petroli yenye madini kidogo ya risasi, na huko kulikuwa kudhoofika kwa kweli. Lakini sehemu kubwa ya anguko linaloonekana kwenye majedwali ya 1972 ni mabadiliko ya kipimo. Mwuzaji anayeliita gari lake la 1965 lenye farasi 195 kuwa lina nguvu kuliko la 1972 lenye farasi 165 analinganisha vitu visivyolingana, mara nyingi bila kujua.

Tugeukie fedha. Mwaka 1965 Impala ya silinda nane yenye milango miwili iliuzwa ikiwa mpya kwa takribani dola 2,800 kabla ya nyongeza. Ukizingatia mfumuko wa bei nchini Marekani, dola hizo ni sawa na kama dola 28,000 za mwaka 2024. Hesabu hii ndogo huondoa mshangao mwingi. Impala inayouzwa leo kwa dola 28,000 haijapanda thamani, bali imerudi pale ilipoanzia, na katikati yake kuna miaka mingi ilipokuwa mtumba wa bei ya kutupa, pamoja na gharama za kuihifadhi ambazo hakuna tangazo linalozitaja. Anayenunua gari la aina hii akidhani kuwa ni shamba la kuvuna fedha afanye kwanza hesabu ya paa la kulilaza, bima, matairi na fundi.

Isitoshe, neno bei lenyewe hutumika kwa mambo manne tofauti. Ipo bei ya kuomba, ambayo ni matumaini ya mwuzaji na haithibitishi lolote mpaka mtu ailipe. Ipo bei ya mnada, na hapa msomaji aangalie kama iliyotajwa ni ile iliyogongewa nyundo au ile yenye ada ya mnunuzi juu yake, kwa kuwa katika minada mikubwa ya magari ada hiyo huwa mara nyingi kama asilimia 10. Ipo bei ya mwongozo, inayokadiriwa na wachapishaji kutokana na mauzo mengi. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale kutoka Michigan, hutoa mwongozo mmojawapo unaonukuliwa sana. Mwisho ipo thamani ya bima, inayokubaliwa kati ya mwenye gari na kampuni kabla ya hasara kutokea, ambayo inaweza kuzidi bei ya soko kwa kuwa hufidia pia kazi iliyofanywa. Mabishano mengi ya mitandaoni huisha pale wabishani wanapogundua kwamba kila mmoja alikuwa akizungumzia bei ya namna yake.

Miongozo hiyo haitoi bei moja kwa gari moja. Hutoa bei kwa kila daraja la hali, na katika mfumo wa Hagerty madaraja ni manne. Daraja la 1 ni magari bora kabisa, ambayo hata vichwa vya skrubu vimepangwa kama kiwandani na ambayo kwa kawaida hayaendeshwi. Daraja la 2 ni gari zuri sana ambalo mtazamaji wa kawaida hataona kasoro. Daraja la 3 ni gari zima linalotembea, lenye kasoro ndogo za rangi au viti, na magari mengi yanayotangazwa kwa bidii kuwa ni ya daraja la 2 yapo hapa. Daraja la 4 hutembea, lakini kasoro zake huonekana kwa kila apitaye. Ngazi moja tu ya madaraja hayo inaweza kubadilisha bei kwa maelfu ya dola, ndiyo maana anayenukuu bei bila kutaja daraja hajasema kitu. Kuna kinaya pia ambacho wageni hawakitarajii: kulipandisha gari kutoka daraja la 4 hadi la 2 kwa kawaida hugharimu kuliko tofauti ya bei kati ya madaraja hayo, na kwa sababu hiyo wajuzi hushauri kununua gari ambalo mtu mwingine amekwisha kupata hasara ya kulikarabati.

Tumefika kwenye kiini, nacho ni bodi, injini na ushahidi.

Bodi hupanga bei kabla ya kitu kingine chochote. Kileleni hukaa gari la paa la kukunja, likifuatiwa na lile la milango miwili lenye paa la chuma lisilo na nguzo ya kati, ambalo vioo vyake vikishushwa ubavu wote huwa wazi. Chini yake kuna la milango minne lisilo na nguzo, na chini zaidi sedani ya kawaida ya milango minne. Kiufundi sedani hiyo haipungukiwi na kitu: chesisi ni ileile, injini ni ileile, na kwa familia ni gari la maana zaidi. Ni kwa sababu hiyohiyo ya kuwa ya familia ndiyo maana ilichakazwa na kutupwa, na ndiyo maana leo wanaonunua kumbukumbu za ujana wao hawaitaki. Binafsi naona kwamba sedani ndiyo inayompa mnunuzi wa kawaida thamani kubwa kwa fedha yake, lakini soko halijaniuliza.

Kisha kuna herufi mbili zilizoleta hasara nyingi kuliko kutu: SS, yaani Super Sport. Zilianza katikati ya mwaka 1961, zikiandamana na injini ya 348 au 409 pekee, na idadi inayotajwa ya magari hayo ya mwaka wa kwanza ni 453, kati yake 142 yakiwa na 409. Yaliyohifadhika vizuri yenye 409 yamekwisha kuvuka dola 100,000 mnadani. Lakini kuanzia 1962 SS ikawa kifurushi cha mapambo, viti vya mbele vilivyotenganishwa na alama za nje, na mteja aliweza kukiagiza hata pamoja na injini ya silinda sita. Kwa hiyo Impala SS ya 1965 yenye injini ndogo ni SS halali, wala si bandia, na ile yenye 396 bila SS ni gari lenye nguvu lisilo na mapambo. Wanaodhani kwamba SS maana yake ni injini kubwa hulipia injini ambayo haipo.

SS huthibitishwaje? Hapo mwaka wa gari huwa na uzito mkubwa. Kuanzia 1961 hadi 1963 SS ilikuwa nyongeza, na namba ya gari, yaani ile ya kiwandani wala si ya usajili, haikuitaja, hivyo alama na viti vya SS vinaweza kufungwa juu ya Impala yoyote na namba isiseme lolote. Mwaka 1964 SS ilipewa namba yake, na mpango huo ukaendelea hadi 1967. Katika namba ya gari la 1965 tarakimu ya kwanza, 1, humaanisha Chevrolet. Mbili zinazofuata hutaja safu, ambapo 64 ni Impala ya silinda nane na 66 ni Impala SS ya silinda nane, huku 63 na 65 zikiwa za silinda sita. Mbili nyingine hutaja bodi, 37 ikiwa ni ya milango miwili isiyo na nguzo, 67 ya paa la kukunja, 39 ya milango minne isiyo na nguzo na 69 sedani. Tarakimu ya sita, 5, ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda, kwa mfano J kwa Janesville, Wisconsin, na S kwa St. Louis, Missouri, tarakimu zinazobaki ni namba ya mfululizo. Basi gari ambalo namba yake inaanza na 16437 lilizaliwa likiwa Impala ya kawaida, hata kama leo limejaa alama za SS kuanzia grili hadi buti. Kuligeuza hivyo si kosa iwapo mwuzaji anasema ukweli. Kosa huanzia pale anaponyamaza. Mwaka 1968 SS ilirudi kuwa nyongeza tena, na namba ikanyamaza nayo.

Angalizo moja: namba hiyo husema silinda sita au nane, basi. Haisemi kama silinda hizo nane ni za 283 ya upole au za 396 kali. Herufi inayotaja injini iliingizwa kwenye namba ya gari mwaka 1972. Kabla ya hapo mnunuzi hulazimika kusoma maandishi yaliyogongwa juu ya bloku ya injini, upande wa kulia mbele, ambayo huonyesha kiwanda cha injini, kwa mfano T kwa Tonawanda, New York, au F kwa Flint, Michigan, kisha mwezi na siku iliyounganishwa, na mwisho herufi zinazotaja aina yake. Hapa ndipo penye msemo maarufu wa wauzaji, kwamba namba zinalingana. Kwa Chevrolet kubwa, desturi ya kugonga sehemu ya namba ya gari kwenye injini ilienea kuanzia mwaka 1968. Kwa gari la 1965, kwa hiyo, mara nyingi hakuna namba mbili za kulinganisha. Kinachoweza kuonyeshwa ni kwamba herufi za injini zinaafikiana na gari, na kwamba tarehe ya injini inaitangulia tarehe ya kuunganishwa gari kwa siku au majuma machache. Tarehe ya gari nayo husomwa kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, ambapo 04C humaanisha juma la tatu la Aprili, na ambapo rangi na viti vya asili pia vimeandikwa kwa misimbo.

Kwa kuwa maandishi hayo yana thamani ya maelfu ya dola, wapo mafundi wanaosaga uso wa bloku na kugonga upya yale yanayotakiwa. Mchunguzi mzoefu hutazama kama mikwaruzo ya mashine ya kiwandani bado inaonekana chini ya herufi, na kama tarehe iliyotokea bloku ilipokuwa ikimiminwa, ambayo haifutiki kwa urahisi, inatangulia ile iliyogongwa. Karatasi husaidia zaidi: hati ya mauzo ya kwanza, orodha ya nyongeza iliyobandikwa dirishani gari lilipokuwa jipya, stakabadhi za fundi, picha za ukarabati. Magari mawili yanayofanana kwa kila kipimo yanaweza kuachana kwa bei kwa sababu moja lina bahasha ya karatasi hizo na jingine lina maneno ya mwuzaji.

Mita ya maili si ushahidi wa nguvu hiyo. Mita za wakati huo zilikuwa na tarakimu tano, zikifika 99,999 zilirudi sifuri. Gari linaloonyesha maili 43,000 linaweza kuwa limekwenda 143,000, na sheria ya Marekani huyasamehe magari ya umri huo kuthibitisha maili yanapouzwa. Hali ya pedali, usukani na bawaba za milango husema kweli kuliko mita.

Dhana nyingine inayorudiwa sana, hasa na wazee wetu mafundi, ni kwamba magari ya zamani yalikuwa imara kwa sababu yalikuwa chuma kitupu. Jaribio la mwaka 2009 linajibu. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, katika kuadhimisha miaka 50 yake, iliigonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, ndugu wa Impala ya mwaka huohuo kwa chesisi, na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso kwa upande mmoja wa mbele, kila moja ikiwa kwenye kasi ya maili 40 kwa saa, karibu kilomita 64. Chumba cha dereva cha Malibu kilibaki kizima, na sanamu ya dereva ikaonyesha uwezekano wa jeraha dogo la mguu. Chumba cha Bel Air kilibomoka, usukani ukasukumwa ndani, na vipimo vya sanamu vilionyesha kwamba dereva wa kweli angekufa. Chesisi za Chevrolet kubwa za 1958 hadi 1964 zilikuwa na umbo la X, zikijibana katikati bila mihimili ya pembeni. Ile ya 1965 ilizunguka ukingo wa sakafu na ni bora katika hilo, lakini haigeuzi gari la 1965 kuwa salama kwa mizani ya leo. Anayeliendesha avae mkanda, kama upo.

Lipo soko moja ambalo vipimo vya kiwanda havilielezi hata kidogo, nalo ni la magari yaliyoshushwa, yanayoitwa lowrider, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, hasa mashariki mwa Los Angeles. Huko Impala inayotukuzwa kuliko zote ni ya 1964, mwaka wa mwisho wa chesisi ya X. Kanuni za California za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikataza gari lililorekebishwa kuwa na sehemu ya bodi iliyo chini ya ukingo wa rimu, na mafundi wakajibu kwa mitambo ya haidroliki inayolishusha gari linapoonyeshwa na kulipandisha askari wanapotokea. Impala ya 1964 iitwayo Gypsy Rose, ya rangi ya waridi na maua yaliyochorwa bodi nzima, iliyotengenezwa na Jesse Valadez wa klabu ya Imperials, iliingizwa mwaka 2017 kwenye rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani na ikaonyeshwa katikati ya jiji la Washington. Oktoba 2023 California ilifuta katazo hilo la kushusha magari pamoja na mamlaka ya miji kupiga marufuku misafara ya magari hayo, na mabadiliko yakaanza kutumika Januari 2024.

Ukilipima gari la namna hiyo kwa kanuni nilizoeleza, litaonekana limeharibiwa: rangi si ya kibati, chesisi imekatwa na kuimarishwa, buti limejaa betri na pampu. Jedwali la mwongozo halina safu ya kuliweka. Wenye magari hayo hupatana na kampuni za bima kuhusu thamani moja baada ya nyingine, kwa picha za kila hatua ya kazi, stakabadhi za mpaka rangi na mtengeneza viti, na jina la fundi aliyefunga haidroliki, kwa kuwa katika soko hilo swali analouliza mnunuzi ni nani aliyelijenga, si kiwanda gani kililitoa.